Sufuria la Mvuke la Umeme la Lita 150: Upishi Wake, Matunzo Yake na Huduma ya Wakala

Tangu serikali ya Tanzania ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, wasimamizi wa majiko ya shule, vyuo na hospitali wamekuwa wakiulizana habari za gesi, mkaa mbadala na majiko ya umeme, lakini sufuria la mvuke la umeme hutajwa kwa nadra, na likitajwa, swali huwa ni bei tu. Tathmini hii inahusu sufuria la aina hiyo, la lita 150, lenye hita za kilowati 18, linalotumika katika jiko la shule ya bweni ninalolisimamia mjini Dodoma. Sifa za upishi wake wauzaji wamekwisha kuzitangaza vya kutosha, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye matunzo na matengenezo, maana hapo ndipo mnunuzi anapoachwa ahangaike mwenyewe.

Kwanza ni vema kufahamu chombo chenyewe. Sufuria lina kuta mbili za chuma kisichoshika kutu, moja ndani ya nyingine, na kati yake kuna uwazi uliozibwa kabisa ambao mafundi huuita jaketi. Chini ya jaketi kuna maji machache yanayofunika hita. Yakichemka huwa mvuke, mvuke ukigusa ukuta wa ndani hutoa joto lake, hugeuka maji tena na kutiririka chini ili uchemshwe upya, na mzunguko huo huendelea kwa maji yale yale. Presha ya jaketi ikifika bar 2 kwenye geji, yaani saa ya mshale inayopima presha, mvuke huwa na joto la nyuzi 134 hivi, na joto hilo huenea sawasawa kwenye ukuta mzima badala ya kujikusanya kitakoni kama moto wa kuni unavyofanya. Ndiyo sababu uji haushiki chini hata mpishi akigeuka kidogo kushughulikia jambo jingine, na maharage huiva bila ya kubabuka. Kwa hesabu, kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 95 huhitaji uniti 8 za umeme na ushei, yaani chini kidogo ya nusu saa kwa kilowati 18 kama hakuna joto linalopotea. Kwetu huzidi hapo, lakini si kwa mengi. Ugali wa shule nzima sipendekezi upikwe humo, kwa kuwa kuusonga ndani ya chombo chenye kina namna ile ni adhabu, na wapishi wangu bado wanalalamika kwamba wali wake hauna ukoko. Mnunuzi anayetaka kupikia pilau naye aangalie jambo moja: zipo aina zinazofanya kazi kwa nusu bar tu, ambapo mvuke hauzidi nyuzi 111 au 112, na humo kitunguu hulainika tu bila kupata rangi.

Sasa niingie kwenye matunzo, na nianze na geji, kwa sababu mshale wake hueleza afya ya sufuria kuliko kitu kingine chochote, tena likiwa limepoa. Jaketi huondolewa hewa kiwandani. Sufuria likipoa, mvuke uliobaki hugeuka maji na kuacha ombwe, hivyo mshale unapaswa kulala chini ya sifuri kabla ya kuwasha asubuhi. Ukisoma sifuri au juu yake ilhali sufuria ni la baridi, hewa imeingia. Hewa haigeuki maji ukutani kama mvuke. Hukaa palepale na kuuzuia mvuke usiguse chuma, na matokeo yake presha hupanda upesi, swichi inayofuata presha huzima hita ikidhani kazi imekwisha, na chakula hubaki vuguvugu. Mpishi atasema sufuria limechoka. Fundi asiyelijua atasema hita zimekufa.

Hayo ndiyo yaliyotupata. Uji wa asubuhi ulianza kuchelewa, tukamwita fundi wa wakala aliyetuuzia. Alifungua paneli ya umeme, akatazama bila kupima, akaandika ankara ya makisio ya seti nzima ya hita pamoja na usafiri wake. Kabla ya kulipa nilimwomba fundi umeme wa shule apime kila hita kwa mita. Hita ya kilowati 6 kwa volti 230 inapaswa kuonyesha ukinzani wa omu 8.8 hivi, na zote tatu zilionyesha karibu na hapo, wala hakuna iliyokuwa ikivujisha umeme kwenye bodi. Asubuhi yake tulisoma geji kabla ya kuwasha: mshale ulikuwa juu ya sifuri. Tiba yake imeandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji na haihitaji spea yoyote. Sufuria huwashwa likiwa tupu mpaka geji ionyeshe presha ndogo, kisha mtu aliyevaa glavu nene, akiwa amesimama pembeni na si mbele ya tundu, huvuta wenzo wa vali ya usalama kwa sekunde moja moja, mara kadhaa, hadi hewa itoke na ubaki mvuke mtupu; baada ya hapo sufuria huachwa lipoe na mshale hutazamwa tena. Ulishuka chini ya sifuri, na uji ukarudi kwenye saa yake.

Kutoa hewa, hata hivyo, huondoa dalili tu endapo pana mahali panapovuja. Hewa ikirudi baada ya muda mfupi, atafutwe mwizi kwenye gasketi ya hita, kwenye mpira wa kioo cha kupimia maji, kwenye nyuzi za geji na kwenye kiti cha vali yenyewe. Povu la sabuni likipakwa kwenye maungio hayo wakati jaketi lina presha kidogo litaonyesha vipovu. Kwetu ulikuwa mpira wa kioo, kitu cha bei ndogo kuliko nauli ya fundi.

Kioo hicho ndicho dosari kubwa ya muundo wa sufuria hili. Kinapaswa kutazamwa kila siku, kwani maji ya jaketi yakipungua hita hubaki wazi na kuungua, lakini mtengenezaji amekificha nyuma ya bati lenye skrubu nne. Ni kweli kwamba ipo sensa ya kuzima umeme maji yakishuka, na taa nyekundu huwaka, ila sensa nayo hushika magamba na kudanganya. Magamba hayo hutokana na watu kujazia maji ya bomba au ya kisima. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi ya kutosha kuacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai, na hita iliyofunikwa na ukoko huo hushindwa kutoa joto lake na hatimaye hukatika. Ndani ya jaketi yawekwe maji yaliyotoneshwa pekee, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, pamoja na dawa ya kuzuia kutu kwa kipimo cha kijitabu. Dawa hiyo isirukwe, kwa kuwa kwenye sufuria lenye sensa ya kijiti maji matupu yaliyotoneshwa hayapitishi umeme vizuri, na sensa inaweza kudhani jaketi ni kavu.

Kazi za kila siku ni za mpishi, na ngumu kati yake ni koki ya kutolea chakula. Koki hii hufunguliwa kila baada ya zamu, kijiti chake huchomolewa, mabaki ya uji au maharage husuguliwa kwa brashi ya bomba, kisha hupakwa grisi inayoruhusiwa kugusana na chakula na kurudishwa. Jiko lenye masufuria mawili lisichanganye vijiti vya koki, kwani kila kimoja kimechongwa kukaa ndani ya mwili wake. Ndani ya sufuria pasuguliwe kwa sponji au kikwaruzio cha plastiki. Waya wa chuma huacha chembe zinazoota kutu, na dawa za kung'arisha nguo zenye klorini hutoboa chuma vitundu vidogo kama vya sindano. Chumvi ya mboga nayo itiwe maji yakisha chemka, si kumwagwa kwenye maji baridi ilale chini. Maji baridi yasimwagwe kwenye sufuria tupu lililo moto.

Kwa upande wa umeme, jambo la kwanza ni kwamba paneli isipigwe maji ya mpira wakati wa kuosha jiko, ingawa wauzaji huisifu kuwa inahimili maji. Pili, hita tatu za sufuria hili kila moja inakula fezi yake, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, hivyo fezi moja ikikatika, jambo lisilo geni kwetu, sufuria huendelea kufanya kazi likiwa limepoteza theluthi ya nguvu, wala hakuna taa itakayowaka kuarifu. Fundi mwenye klampmita, yaani mita ya kubana waya na kusoma ampea, atalibaini mara moja: kila waya unapaswa kusoma ampea 26 hivi. Wakati huohuo akaze skrubu za kontakta, yaani swichi inayowasha na kuzima hita, maana waya uliolegea hupata moto na kuunguza plastiki. Giya ya kupindulia sufuria ipakwe grisi. Haina mengi zaidi ya hayo.

Vali ya usalama ijaribiwe kwa kuvutwa kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye kijitabu, na isizibwe kamwe eti kwa sababu inavuja. Ikivuja hubadilishwa, kwa ile iliyopangiwa presha ile ile. Jaketi ni chombo cha presha, na vyombo vya presha viko chini ya ukaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, hivyo hati zake zidaiwe kwa muuzaji siku ya kukabidhiwa. Sisi tulizipata baada ya kuzifuatilia mno.

Chombo chenyewe nakipa alama 4 kati ya 5, moja nikiiondoa kwa ajili ya kile kioo kilichofichwa. Wakala nampa 2, kwani hakufundisha mpishi yeyote wakati wa kufunga, akaacha kijitabu cha lugha ambayo jikoni haisomwi, na fundi wake akaharakia spea kabla ya mita. Anayetaka kununua aandikishe kwenye mkataba mafunzo ya wapishi kwa Kiswahili, gasketi za akiba, mipira ya kioo na ya koki, pamoja na hita moja ya ziada. Na kabla ya yote aangalie umeme alionao: kilowati 18 kwenye fezi moja ni karibu ampea 78, mzigo ambao laini ya kawaida ya jengo haiwezi kuubeba, kwa hiyo jiko ambalo halijaingiziwa fezi tatu lisubiri, hata likipewa punguzo la bei.