Msimbo wa Wazi: Uvute kwa Git au Upakue Kifurushi?

Vijana wa Arusha wanaojifunza kuandika programu hubishana sana kuhusu hili: msimbo wa wazi, yaani ule ambao yeyote anaweza kuusoma, uuvute kwa Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo) au upakue kifurushi? Njia zote mbili ziko wazi kwa umma. Kwa kawaida, kusoma tu hakuhitaji akaunti wala nenosiri.

Kifurushi cha toleo ni faili moja lililobanwa. Ukiwa mtaani Sakina na bando linakaribia kuisha, hapo ndipo utaona faida yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, ikibanwa kwa muundo wa .tar.xz haifiki megabaiti 200, ilhali hazina yake ya Git pamoja na historia yote ni gigabaiti kadhaa. Umeme ukikatika katikati, amri ya kupakua ya wget -c huendelea pale ilipoishia, mradi seva inaruhusu. Git haina huruma hiyo: nakala ya kwanza (git clone) ikikatika, unaanza upya.

Hata hivyo, mimi nasimama na Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kifurushi hakina historia. Utakutana na mstari usioeleweka na hutajua nani aliuweka wala kwa nini. Kwenye Git, git blame inakupa jina na tarehe, kisha git show inakuonyesha maelezo ya aliyeubadilisha. Kwa anayejifunza, hiyo ni shule kamili! Baadaye git pull huleta mabadiliko tu. Bando likiwa dogo, ongeza --depth 1 kwenye git clone upate hali ya sasa pekee. Historia utaivuta ukipata Wi-Fi ya chuo, kwa git fetch --unshallow.

Anayetaka kusakinisha tu aendelee na kazi zake, achukue kifurushi, ila ahakiki kwanza saini ya kidijitali ya kifurushi hicho.