Dawa za Kichina baada ya upasuaji wa saratani: sindano safi, dirisha la dawa hapana

Hospitali yenyewe iko Guangzhou, Uchina, ina idara ya tiba ya Kichina, na dada yangu alipelekwa huko baada ya kukatwa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Sindano zao za akupancha, zile za kuchoma nukta maalumu za mwili bila kuingiza dawa, nazisifu. Dirisha lao la dawa limenitia hasira ambayo haijapoa mpaka leo.

Tulikabidhiwa mfuko wa pakiti za maji meusi yaliyochemshwa tayari, kila moja mililita 200, asubuhi na jioni. Hakuna jina la mmea, hakuna gramu. Nikaomba orodha, kwa kuwa mgonjwa alikuwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya damu iliyoganda mguuni. Mhudumu hakuinua hata macho. "Ni ya kuongeza nguvu, anywe tu." Nikaomba tena, akaita namba inayofuata.

Anywe tu! Dawa za nguvu baada ya upasuaji mara nyingi huwa na mitishamba kama huangqi gramu 15 hadi 30, dangshen, baizhu, fuling na gancao. Lakini wengi huongeza danggui, wengine danshen, na hizo mbili huipa warfarin makali: INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, inapanda, mtu anavuja damu huku mshono wa tumboni bado mbichi. Ginseng nayo inaweza kuishusha INR, damu igande upya. Ndani ya pakiti nyeusi utajuaje kilichomo?

Tulimfuata daktari mwenyewe. Danggui ilikuwemo, gramu 10. Aliitoa palepale na kuagiza INR ipimwe, maana warfarin iliandikwa na idara ya upasuaji na kwake haikuonekana. Huyo simlaumu sana. Namlaumu aliyeambiwa akapuuza.

Mkienda, ombeni mitishamba mikavu badala ya pakiti, mwone kwa macho. Kazi yake si kubwa. Loweka kwenye maji baridi nusu saa, maji yapande vidole viwili juu ya dawa. Tumia chungu cha udongo, si sufuria ya chuma wala alumini. Ikichemka punguza moto, dakika 30 hadi 40 kwa dawa za nguvu, chuja, ongeza maji, chemsha tena, changanya maji yote mawili kisha gawa mara mbili. Bohe (mnanaa) na sharen (mbegu za jamii ya iliki) hutiwa dakika tano za mwisho, la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke. Ejiao, gundi ya ngozi ya punda, huyeyushwa peke yake, ukiitia chunguni inaganda chini na kuungua. Fuzi, mzizi wa akoniti, ndiyo ya kuogopa: itangulie kuchemka peke yake nusu saa hadi saa nzima, kwa sababu sumu yake, akonitini, huvunjwa na moto wa muda mrefu. Ulimi au midomo ikifa ganzi, acha mara moja mkimbilie hospitali. Vidonge vya hospitali vipishane na dawa hizi walau saa moja, ingawa kupishanisha hakuondoi hatari ya danggui na warfarin.

Mtaalamu wa sindano alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Aliuliza chembe sahani za damu, zile zinazoigandisha, ziko ngapi kabla ya kugusa ngozi, akafungua sindano mpya mbele yetu. Kwa kichefuchefu alichoma nukta iitwayo Neiguan, upande wa ndani wa mkono, vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili. Jopo la taasisi za afya za Marekani liliikubali tiba ya sindano kwa kutapika baada ya upasuaji na tibakemikali tangu 1997. Kwa tumbo lililolala, lisilosukuma chakula, alichoma nukta ya Zusanli, chini ya goti upande wa nje. Kichefuchefu kilipungua siku hiyohiyo. Aliyeondolewa matezi ya kwapani kwa saratani ya titi amwambie mapema, mkono wa upande ule usichomwe.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili yake. Lakini nikikumbuka zile pakiti, na mgonjwa mwingine asiye na mtu wa kumbana daktari, haiwezekani. Nawapa moja, nayo ni ya mwenye sindano.