Kuifuata Grateful Dead mwaka kwa mwaka kwenye Internet Archive: uzoefu wangu

Kama umezoea kungoja sebene kwenye rumba, pale waimbaji wanapowaachia wapiga gitaa uwanja, Grateful Dead hawatakuwa wageni kwako. Ni bendi ya California iliyoanza 1965 na kukoma baada ya mpiga gitaa wao, Jerry Garcia, kufariki Agosti 1995. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ina maelfu ya rekodi za maonyesho yao: hulipi kitu, na hakuna matangazo.

Mimi niliuchagua wimbo mmoja, “Dark Star”, nikaufuata miaka yote. Nawasihi mfanye hivyo.

Anza na 27 Februari 1969, ukumbi wa Fillmore West, San Francisco. Wapiga drams ni wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, lakini kwa muda mrefu wanagusagusa tu. Besi ya Phil Lesh haitulii chini; inapanda na kujibizana na gitaa la Garcia.

Kisha nenda 27 Agosti 1972, Veneta, Oregon. Hart alishaondoka Februari 1971, na Keith Godchaux ameingia na piano. Hii nimeirudia mara nyingi kuliko zote. Inapita nusu saa! Msikilize Kreutzmann peke yake: akihamisha mkono kwenye matoazi, wenzake wote wanageuka naye papo hapo. Muziki unavurugika, gitaa linapiga mayowe, halafu wanatua taratibu kwenye “El Paso”, kantri ya Marty Robbins. Nikiwa kwenye matatu Thika Road, nilisahau kabisa foleni.

Wapo wanaosema bendi ilichoka kwa umri. Sikubali. Naona drams ndizo zilizogeuza mambo. Hart aliporudi, kuanzia 1976 mdundo ukawa mpana na mtamu kuuchezea, sikiliza onyesho la Chuo Kikuu cha Cornell la 8 Mei 1977, ila watu wawili hawakati kona ghafla kama mmoja. Na kuanzia 1978 ule ubunifu wa kujitosa ulitengewa nafasi yake katikati ya kipindi cha pili cha onyesho: drams pekee, kisha magitaa yasiyo na mdundo. Nyimbo zenyewe zikanyooka zaidi, jambo linaloniuma hadi leo.

“Dark Star” ikawa adimu sana mpaka 9 Oktoba 1989, Hampton, Virginia. Wakati huo Garcia alikuwa na mitambo ya kulifanya gitaa litoe sauti ya filimbi. Ya 29 Machi 1990, na saksafoni ya Branford Marsalis, usiikose: wanasikilizana kama zamani.

Kuhusu matumizi: rekodi zilizochukuliwa kwenye mitambo ya jukwaani unazisikiliza mtandaoni tu, kwa hiyo bando litaliwa. Za mashabiki nyingi zinapakuliwa, na nzuri zipo, maana tangu Oktoba 1984 bendi iliwatengea warekodi sehemu yao ukumbini. Mimi huzipakua nikipata waifai. Tafuta hedifoni zenye besi nzuri. Spika ya simu itakunyima Lesh wote.