Meseji za hali ya hewa kwa wakulima: nimezilipia misimu miwili hapa Uyole

Huduma hii inakata shilingi 1,000 kwa mwezi kwenye salio. Jina la kampuni siliandiki. Wanaoitumia wataitambua kwa meseji zake za saa kumi na mbili asubuhi.

Mwaka wa kwanza meseji iliingia hivi: "El Nino inakuja. Mvua kubwa za vuli kuanzia Oktoba. Mkulima, wahi kupanda." Nikawahi. Nilipanda kwenye vumbi ekari mbili za mahindi, kilo 20 za mbegu ya dukani. Wiki ya tatu nikafukua mashimo kwa kidole. Punje zilikuwa zimevimba kwa manyunyu ya siku moja, zimeoza upande mmoja. Nyingine zimebaki ganda tupu, mchwa wamemaliza. Mvua yetu ilikuja kwa wakati wake, mwishoni mwa Novemba, nami nikanunua mbegu upya kwa hela ya ada ya mtoto.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada yangu aliyeolewa Tanga alipata meseji ileile, neno kwa neno, na kwake ikawa kweli. Jamani, sisi Mbeya hatuna vuli! Tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei. Hata Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli peke yake na wa msimu mmoja kama wetu peke yake.

Nikawapigia. Kijana aliyepokea alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka nikamaliza, na hapo ndipo nilipoanza kuona faida ya hela yangu. Aliniambia jina la El Nino walilitoa wavuvi wa Peru: maji ya bahari yao, ambayo kwa kawaida ni baridi, yalikuwa yakipata joto karibu na Krismasi, wakayaita Mtoto, yaani Mtoto Yesu. Pepo za Pasifiki husukuma maji yenye joto kuelekea Indonesia. Zikilegea, joto lile hurudi mashariki, na mvua nayo huhama. Mara nyingi Bahari ya Hindi nayo hupata joto upande wetu huku upande wa Sumatra ukipoa. Mvuke unaletwa pwani ya Afrika Mashariki, na vuli ya Tanga inafurika. Lakini kusini, Zambia na Zimbabwe, mwaka huohuo huweza kuwa wa ukame, kama ilivyokuwa 2015/16 na 2023/24. "Mama, ninyi mko katikati ya pande hizo mbili," akasema, "kusikia El Nino peke yake hakutoshi kukutoa ndani na jembe."

Hayo yangeandikwa kwenye meseji, ningeokoa kilo 20.

Msimu uliofuata walibadilika. Wanatuma kwa mkoa, na lugha yao imekuwa ya shambani: "Mbeya: mvua ya kupandia bado. Subiri udongo ulowe kina cha kiganja." Nilisubiri, nikapima kwa mkono wangu, nikapanda mara moja tu.

Ila mkoa ni mkubwa. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, Usangu wanategemea mifereji, na wote wanasoma ninachosoma mimi. Nawapa nyota tatu. Nimeshalipia hadi Mei; wakitutenganisha kwa wilaya nitarudi kuongeza ya nne.