Kitalu cha maua Tengeru: nilifuata hosta, nikatoka na spaida

Kama una eneo la kivuli nyumbani na unataka majani ya rangi mbili, nenda vitalu vya barabarani pale Tengeru, karibu na Arusha, kile cha mama mmoja chenye nyavu nyeusi. Nampa tano kwa tano kwa sababu angeweza kula hela yangu na hakuila.

Nilimwomba aniagizie hosta ndogo, mmea wa bustani unaopendewa majani yake, ile yenye jani la kijani na ukingo mweupe. Akasema dada angu, nikikuletea itachipua vizuri mwanzoni afu itadhoofika mpaka iishe. Hosta asili yake ni kule Japani, Korea na China, msimu wa baridi inakauka majani yote inalala, na ili iamke na nguvu inataka wiki kadhaa za baridi ya chini ya kama nyuzi 5, sasa Arusha hata Julai ile tunayovaa majaketi usiku haifiki huko, Moshi ndo kabisa.

Akanionyesha spaida (spider plant, ule wa majani marefu membamba) zenye ukingo mweupe, na hii ni mmea wa Afrika yetu hii hii! Kwa mbali bustanini unapata ule ule mwanga wa majani niliokua nautaka. Ila msiiweke kwenye giza, watu wanasikia kivuli wanaificha nyuma ya tenki. Ile sehemu nyeupe haina kijani cha kutengeneza chakula kwa hiyo mmea unakua taratibu, ukiunyima mwanga unadumaa, na ukiuweka jua la saa saba majani yanaungua. Zangu ziko chini ya mparachichi, jua la asubuhi linapenya, nimechanganya udongo na samadi iliyooza vizuri na maji namwagia udongo ukianza kukauka tu, maana mizizi yake ni minene inatunza maji, ukizidisha inaoza. Zimependeza jamani, yani napita pale kila nikitoka.

Kitu cha kurekebisha ni udongo wa kwenye viriba, ni mfinyanzi mzito unashika maji sana, mkifika nyumbani upunguzeni kwenye mizizi kabla ya kupanda. Bei haziandikwi, ila ukichukua kadhaa anapunguza bila maneno mengi.

Chagueni zenye vikonyo virefu vinavyoning'iniza watoto, yani vimiche vidogo, mnakata mnapanda pembeni, hamna haja ya kununua nyingi.