Uzoefu wangu na Kyocera P2040dn: kabla hujanunua printa, uliza tona moja inatoa rimu ngapi

Mimi ni sekretari kwenye shule ya msingi ya inglish midiamu hapa Tanga. Watoto hawazidi 200 lakini kazi ya kuprinti ni kubwa sana, mtihani mmoja tu wa muhula una masomo 6, karatasi ya kila somo ina kama kurasa 3, kwa watoto wote hao hiyo ni kurasa 3,600, hapo bado majaribio ya kila mwezi, ripoti na barua za ada. Vyote vinapita kwangu, mwalimu wa taaluma akiniletea flashi jioni anategemea asubuhi mitihani aikute imeshapangwa kwenye bahasha.

Kabla ya hii tulikuwa na printa ndogo ya leza, kampuni siitaji. Ilinunuliwa kwa sababu bei ilikuwa chini. Tona yake, yaani lile kopo la unga wa wino, imeandikwa kurasa 1,000, na rimu ina karatasi 500, kwahiyo ukiprinti upande mmoja tona nzima inakwisha na rimu 2!! Na hizo 1,000 zinapimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu, yaani kabarua kafupi, sasa mtihani wa sayansi wenye mchoro wa moyo au wa maua hauwezi kufika huko. Tukaanza kujaza unga kwa fundi. Mara ya kwanza safi, ya pili ukaja mstari mweusi pembeni, ya tatu unga ukawa unamwagika ndani na maandishi yanatoka na kivuli. Kilichonichosha kabisa ni usiku mmoja kabla ya mtihani, nimeshika karatasi ya hesabu bado ina joto, nikapitisha kidole gumba juu ya swali la kwanza, namba zikafutika zote zikabaki kidoleni. Fundi akasema fyuza, yaani sehemu inayochemka kugandisha unga kwenye karatasi, haichemki vizuri tena, na kuibadilisha ni karibu bei ya printa nyingine. Ilibidi alfajiri nikapange foleni steshenari kutoa kopi, niliumia sana kwa sababu watoto walikaa darasani karibu saa nzima wanasubiri.

Basi nikamuomba bosi safari hii nichague mimi. Nilizunguka wiki mbili, wauzaji wengi wanakusifia spidi na waifai, mimi nauliza hilo hilo moja, tona inatoa rimu ngapi, na tona yenyewe ipo dukani leo au mpaka iagizwe Dar.

HP LaserJet P2055dn used niliitamani kweli, mafundi wanaijua mpaka gizani, tona ya 05A ni kurasa 2,300 na 05X ni 6,500 ambayo ni rimu 13. Ila mashine ya mtumba lazima uiwashe uprinti ule ukurasa wa taarifa zake uone kaunta, yaani hesabu ya kurasa zote ilizokwisha kutoa, imefika ngapi, na duka nililoikuta wakagoma kuiwasha, nikaondoka. Usikubali kununua bila kaunta jamani. Brother HL-L2350DW pia nzuri, ina waifai, tona TN-2420 ni 3,000, ofisi ya watu wawili watatu inawatosha kabisa.

Mwisho nikachukua Kyocera ECOSYS P2040dn mpya. Bei ni karibu mara tatu ya ile ndogo, bosi alishtuka, nikamwekea hesabu mezani: tona yake TK-1160 ni kurasa 7,200, rimu 14 na ushee, na bei niliyoipata haikufika hata mara mbili ya ile tona ya rimu 2. Alafu dramu, ule mche unaozunguka na kupaka unga kwenye karatasi, haimo ndani ya tona, inakaa peke yake na imepangiwa kurasa 100,000, kwahiyo tona ikiisha unabadilisha kopo tu. Akasaini.

Sa hivi ni mwaka na miezi minne. Jana kaunta imesoma 22,300, niko kwenye tona ya nne ya kununua. Kwa mitihani yetu yenye michoro tona moja napata kama 6,300, sio 7,200, lakini bado ni rimu 12 na nusu! Ile inayokuja na printa ni ya 3,600 tu, so msishangae ikiisha mapema. Inaprinti mbele na nyuma yenyewe, mtihani wa kurasa 3 unakula karatasi 2. Trei inabeba 250, kwahiyo usiiache ukaenda kunywa chai, inatoa mpaka kurasa 40 kwa dakika, utarudi imesimama inakusubiri. Haina waifai, mimi nimeichomeka kwa waya kwenye ruta na walimu wote wanaprinti kutoka kwenye laptopu zao.

Mambo mawili niliyojifunza kwa gharama. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta (lile boksi la betri la umeme ukikatika), fyuza ikianza kuchemka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, ya kwetu ilipiga kelele ikazima na kompyuta humo humo nikapoteza ripoti za darasa zima. Ichomeke ukutani, au kwenye stabilaiza kubwa. La pili ni unyevu, huku pwani rimu ikifunguliwa ikalala wazi siku mbili karatasi zinajikunja na kukwama, na lawama inapelekwa kwa printa bure. Mimi nafungua rimu moja moja, inayobaki nairudisha kwenye ganda lake naibana na solotepu.

Mtihani wa muhula unaanza Jumatatu. Rimu 5 ziko kabatini hazijafunguliwa, na tona ya akiba iko juu yake.