Paludariamu ya kuagiza kwa fundi wa Unguja: kioo kizuri, udongo mbovu

Paludariamu ninayoieleza hapa niliiagiza kwenye karakana moja ya vioo na alumini mjini Unguja, ambayo kazi yake ya kila siku ni madirisha na makabati ya maduka, na matangi ya samaki huyatengeneza kwa oda tu. Ni sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 40 na kimo cha 50. Mbele pana kijibwawa cha maji, nyuma pana nchi kavu yenye mimea, na pampu ndogo ya wati 5 huyapandisha maji na kuyaachia yateremke juu ya mawe mfano wa chemchemi. Niliuziwa ikiwa kamili, pamoja na udongo, mawe, mimea na taa yake, kwa shilingi 380,000, nayo ipo sebuleni kwangu Mpendae mwezi wa 14 huu. Hukumu yangu naitoa mapema kwa faida ya asiye na nafasi ya kusoma yote: kioo kimefanywa na mtu anayeijua kazi yake, lakini karibu kila kilichotiwa ndani nimekitoa na kukipanga upya, na kama ningeagiza leo ningelipia kioo, pampu na taa, basi.

Kioo chenyewe ni cha milimita 6, ambacho mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 15, kwa hiyo sanduku tupu linakaribia kilo 19 na linahitaji watu wawili kulipandisha ngazi. Kingo zimesagwa vizuri, hata mtoto akipitisha kidole hajikati. Silikoni imepigwa mkondo mmoja usio na mapovu, nayo ni ile ya wazi inayonuka siki inapokauka, wala si ile ya vyooni na jikoni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, ambayo ni sumu kwa samaki. Nilimuuliza fundi juu ya jambo hilo kabla ya kulipa, akanionyesha mrija wenyewe na kuniambia, "Mwalimu, nikikutilia ile nyengine, samaki wako hawafiki Ijumaa." Siku niliyokwenda na gari kulichukua alikataa kunipa, akataka likae wiki nzima likauke barabara, na ingawa nilirudi nyumbani nimenuna, alikuwa na haki.

Jambo jengine alilolifanya kwa akili ni njia ya hewa. Chini ya mlango wa mbele ameacha upenyo wa sentimita 3 uliozibwa kwa wavu wa alumini, na juu kwa nyuma ameacha mwengine kama huo, hivyo hewa huingia chini, hupata joto la taa na kutokea juu, na inapopita hukausha kioo cha mbele. Matangi mengi ya namna hii niliyoyaona yamefunikwa gubigubi, na mwenye nyumba hawezi kuonesha mimea yake bila ya kupangusa ukungu kwanza.

Shida ilianza kwenye nchi kavu. Fundi alijaza changarawe nyuma ya tangi, akatandika kitambaa, kisha akamwaga udongo mweusi uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, ule ule wanaotilia miche ya maua ya barazani. Kwa chungu chenye tundu chini udongo huo hauna kasoro, lakini ndani ya tangi hauna pa kutolea maji. Kitambaa kilikuwa kimening'inia mpaka ndani ya kijibwawa, na kikawa kinafanya kazi ya utambi wa taa: kinanyonya maji usiku na mchana na kuyapeleka juu, udongo ukabaki tope lisilopitisha hewa. Kufika wiki ya sita, kila nikifungua mlango wa tangi nilikutana na harufu ya mayai viza. Nilipong'oa kangaga mmoja aliyekuwa akisinyaa, mizizi ilikuja myeusi na laini, ikivulika mkononi kama uzi uliooza, na shimo alilotoka likajaa maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Harufu ile hutoka kwenye udongo uliokosa oksijeni, ambamo vijidudu huendelea kuozesha mbolea na kutoa gesi ya salfa, na hakuna manukato wala kubadilisha maji kutakakoiondoa madhali udongo wenyewe umezama.

Nilitoa kila kitu. Badala ya changarawe nilitengeneza sakafu ya uongo: trei ya plastiki yenye matundu, iliyokatwa kwa kipimo na kusimamishwa juu ya vipande vya bomba la inchi 2 vyenye kimo cha sentimita 15, wakati maji ya kijibwawa yanaishia sentimita 12. Juu ya trei nilitandika wavu wa nailoni na kuukunja kingo kwa juu, nikihakikisha hakuna hata ncha moja inayogusa maji, na juu ya wavu nikaweka mkaa uliopondwa na kuoshwa, halafu mchanganyiko wa usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), mchanga mnene na udongo kidogo usio na mbolea. Usumba una jambo lake, na kwetu Visiwani ni muhimu kulijua: makumbi huzikwa pwani, maji ya bahari yakayapitia kwa miezi kabla ya kupondwa, kwa hiyo nyuzi zake hubeba chumvi. Niliuroweka kwenye ndoo siku tano nikibadilisha maji kila asubuhi, na siku ya nne nilipoyaonja kwa ncha ya ulimi bado niliihisi. Mimea iliyopandwa kwenye usumba uliooshwa kwa haraka huungua ncha za majani, na mwenye nayo hudhani ni taa.

Sakafu hiyo iliponya mizizi, kisha ikaniletea mbu. Niliwatia samaki nikiamini kwamba viluwiluwi havitapata nafasi, kwa sababu gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, huvila kwa pupa, lakini kila jioni mbu wawili watatu walikuwa wakiruka ndani ya kioo. Baada ya siku kadhaa za kuchunguza kwa tochi niliwaona wakitoka kwenye bomba la kupitishia waya wa pampu: chini ya trei palikuwa na maji yaliyotulia, yenye giza, ambayo samaki hawakuweza kuyafikia. Nilipanua matundu ya ukuta wa mbele wa sakafu hiyo mpaka samaki waweze kuingia na kutoka, na mdomo wa bomba nikaufunga kwa kipande cha chandarua. Katika mji ambao watu wanaambiwa kila mwaka wasiache hata kifuu kimejaa maji, muuzaji wa kitu hiki angepaswa kulitaja jambo hilo kabla ya mnunuzi kuligundua kwa kuumwa.

Mawe nayo yalikuwa ya matumbawe, kwani ndiyo yanayopatikana kila mahali Unguja. Jaribio lake ni jepesi: dondosha siki juu ya jiwe, na likitoa povu, lina chokaa. Yangu yalichemka kama soda. Maji yetu ya visima na ya bomba tayari yana chokaa, kwa kuwa yanatoka chini ya miamba hiyo hiyo, na mawe yakaongeza juu yake. Kwa gapi si hatari, nao hupendelea maji magumu, lakini kila majani yaliporushiwa matone ya chemchemi yalibaki na madoadoa meupe, na vile vijani laini vinavyoota juu ya mawe yenye unyevu, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nilitake tangi hili, vilikauka mara mbili. Sasa chemchemi inateremka juu ya vigae vya chungu kilichovunjika, visivyopakwa rangi, na vimeshika ukijani kwa miezi miwili tu. Maji yanayopungua kwa mvuke nayafidia kwa maji ya mvua, kwani mvuke huondoka peke yake na kuacha chokaa chote nyuma. Ukijazia ya bomba kila siku, chokaa kinaongezeka tu. Wakati wa masika naacha mvua ya mwanzo ioshe bati, halafu nakinga madumu manne, nayo hunifikisha karibu na vuli.

Ushauri mbaya kuliko yote niliopewa karakana ni kutia samaki siku ile ile. Uchafu wa samaki na ile mbolea hutoa amonia, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo mimea huila, huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita kujijenga kwenye sponji ya kuchujia maji ya pampu na kwenye mawe. Nilitia gapi sita, na siku ya tisa walibaki wawili. Mara ya pili nilisubiri wiki sita, nikauweka mtambaa wa majani ya moyo, ule unaokaa ndani ya chupa za maji nyumba nyingi za mjini, mizizi yake ikining'inia majini kuinyonya nitrati, na tangu hapo hajafa hata mmoja. Fundi pia alijitolea kunitafutia samaki wa kwenye madimbwi ya shamba. Nilikataa, maana Unguja ina samaki wake, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1893, ambaye kiasili hapatikani mahali pengine popote duniani. Anaishi katika madimbwi ya mvua, na dimbwi likikauka mayai yake hungoja ndani ya tope mpaka mvua nyengine. Huyo abaki alipo.

Taa ni nzuri ila kali. Kwa saa kumi kwa siku iliotesha ukoga wa kijani kwenye vioo vyote, na kwa saa saba imetulia. Umeme ukikatika usiku mmoja sina wasiwasi, kwa kuwa maji ni haba na samaki ni wachache, ingawa asubuhi huisuuza sponji ndani ya maji ya tangi lenyewe kabla ya kuwasha pampu. Sisi tuliokuwapo Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme wa kutoka bara, hatununui kitu kinachotegemea pampu bila ya kujiuliza.

Kuhusu huduma baada ya kuuza, sina lawama kubwa. Kibadilisha umeme cha taa kilipoungua mwezi wa nne, fundi alikuja mwenyewe na kukibadilisha bure. Nilipomwonesha mizizi iliyooza alisema tu kwamba udongo ni ule ule anaowauzia wote, jibu ambalo kwa maoni yangu ndilo tatizo lenyewe. Hata hivyo mwezi uliopita nilimpelekea mchoro wa sakafu ya uongo wenye vipimo vyote, akaukalia kitako barazani, akauliza maswali mawili ya maana kuhusu kimo cha trei, na akaubandika ukutani kwa gundi. Nimemwagiza tangi la pili, la sentimita 90, likiwa tupu, na tundu la kutolea maji chini kwenye kona ya nyuma, ambalo amelitoza shilingi 15,000 zaidi.